Miguu ya Mkanyaga Sufu

Mechelen, sikukuu ya Mtakatifu Martino, mwaka wa Bwana 1281

Mdogo wangu Heilwig,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo, ila goti la Lambrecht linamsumbua kila mvua ikikaribia, na kwa sababu mume wangu ni mfanyabiashara wa nguo na si mtu wa kuugua kimya, nyumba nzima inaugua goti pamoja naye. Beatrijs amenipita kimo. Ukimwona hutaamini ni yule mtoto uliyembeba akakukojolea siku ya ubatizo wake.

Huyo Beatrijs ndiye sababu ya barua hii. Ameposwa. Ameposwa kwa Heer Wouter, mmoja wa wazee wa mji, kwa kijana wao wa pili, naye ni kijana mpole asiye na kasoro ila masikio. Uchumba utatangazwa baada ya Pasaka. Sasa sikiliza.

Juzi tulialikwa kwao kula bata. Katikati ya chakula mama mkwe mtarajiwa, Bi Machtelt, akaanza: "Jamani, mmesikia kitabu cha yule mwanamke wa Wellebeke aliyejengewa chumba ukutani mwa kanisa akafungiwa humo asali maisha? Eti amemwona Bwana Yesu kasimama ndani ya pipa, kakunja nguo mapajani, anakanyaga sufu kwenye mkojo uliochacha!" Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Akaendelea: "Na eti miguu ya Bwana ilikuwa kama ya baba yake huyo mwanamke, Gosewijn mkanyaga sufu. Jina kamili, jamani! Odila, si kwenu Wellebeke? Unamjua huyo Gosewijn?"

Nikasema, "Wellebeke ina watu wengi."

Heilwig, hawa watu nimewaambia baba yetu alikuwa mchuuzi wa sufu. Nimewaambia nina mdogo wangu mtawa, sikusema wapi. Hata Lambrecht nilimwambia hivyo juu ya baba miaka kumi na tisa iliyopita, na uongo ukishakaa nyumbani miaka kumi na tisa unakuwa na kiti chake mezani.

Sikuombi ufute ulichokiona. Mimi ni nani? Nakuomba ufute jina tu. Andika "mkanyaga sufu mmoja." Bwana hatapungukiwa na kitu. Nakuomba kwa ajili ya mtoto wa dada yako.

Dada yako,
Odila


Wellebeke, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 1281

Dada Odila,

Milele amina. Nimefurahi mno kwa Beatrijs. Masikio si kasoro, mwanamume mwenye masikio makubwa huenda akasikia.

Katline anakusalimu. Ni yuleyule mjane anayeniletea chakula, bado ana ulimi wa upanga. Nilipomsomea habari ya bata akasema, "Mwambie dada yako hao wanaocheka mkojo wavue kwanza mavazi yao mazuri, maana hakuna uzi wa sufu hapa Brabant ambao haukupita humo kutolewa mafuta."

Sasa kuhusu jina. Sikuwahi kukusimulia kwa kinywa changu ilivyokuwa, na sipendi uisikie kwa Bi Machtelt tu.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya kumzika mama. Baba alikuwa amekufa miaka miwili kabla, unakumbuka, miguu ilipooza na kuharibika ikamuua kidogo kidogo kuanzia chini. Wewe ulikuwa umeshaolewa. Mimi nilikuwa na homa, nimelala chumba cha mbele mlango ukiwa wazi, adhuhuri, jua lote ndani. Padri alikuwa amenipaka mafuta ya wagonjwa na kuondoka. Nikaona mtu ndani ya pipa la baba, pale uani karibu na mlango. Anakanyaga. Nikadhani ni baba. Nikasema, "Baba, wewe ulishakufa, toka humo."

Akageuka, na hakuwa baba. Lakini akanyanyua mguu juu ya maji, nikaona ni mguu wa baba: kucha zimeoza, kisigino kina nyufa unazoweza kuingiza sarafu, ngozi nyeupe kama ya mtu aliyezama. Na katikati ya wayo, tundu.

Nikamwuliza, "Bwana, nguo hiyo ni ya nani?"

Akasema, "Ni yako. Bado ina mafuta mengi."

Nikamwuliza, "Hutachoka?"

Akasema, "Nimeshachoka." Akaendelea kukanyaga.

Ndiyo hayo tu, Odila. Mengine yote ya kitabuni ni mimi nikijaribu kuelewa hayo. Homa ilinitoka jioni ile, na mwaka uliofuata niliomba nifungiwe hapa. Watu wanadhani nilikimbia dunia. Sikukimbia. Nilitaka mahali pa kukaa kimya nisikie lile pipa.

Siwezi kufuta jina. Si ukaidi. Nikiondoa miguu ya baba, anabaki Bwana asiye na miguu, na huyo sikumwona.

Mdogo wako akuombeaye kila siku,
Heilwig


Mechelen, sikukuu ya Mtakatifu Lusia, 1281

Heilwig,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekasirika zaidi.

Siku ile ulipoingia humo ukutani niliona kwa macho yangu wakikuombea sala za wafu. Ulilala chini kama maiti, padri akakumwagia vumbi. Basi wewe ni marehemu, mdogo wangu, na marehemu haoni aibu. Sisi huku bado tuko hai, tunakaa na midomo ya watu asubuhi na jioni. Ni rahisi kuipenda miguu ya baba ukiwa umejifungia na pazia jeusi dirishani. Mimi ndiye niliyeisugua miguu hiyo, Heilwig, si wewe. Wewe ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyekwenda kanisani watoto wakaziba pua na kuimba, "Pipa limekuja, pipa limekuja." Sikuona tundu lolote la Bwana humo. Niliona usaha.

Nimemaliza. Sitalisema tena hili.

Nimefikiri pia kwamba sijakisoma kitabu chenyewe, nahukumu kwa maneno ya watu wenye vinywa vya bata. Nitumie nakala nikisome mwenyewe. Na niambie ukweli kuhusu hali yako. Barua yako nzima ni ya zamani, homa ya zamani, baba wa zamani. Sasa je? Unaona nini siku hizi?

Dada yako hata akikasirika,
Odila


Wellebeke, sikukuu ya Epifania, 1282

Dada Odila mpenzi,

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Sikujua kuhusu watoto na wimbo wao. Nimekaa na jambo hilo siku kumi sasa, na naona haya kwamba ulilibeba peke yako.

Nakala hii hapa, amekuletea muuza nyuzi. Mwandiko ni wa Padri Reinout, paroko wetu, ambaye ndiye aliyenisihi niseme naye akaandika. Nimefurahi kuliko nisemavyo kwamba utaisoma. Kuna kurasa juu ya subira nilizozisema nikikuwaza wewe.

Umeniuliza ninaona nini sasa. Nakuambia wewe tu. Sijamwambia hata Padri Reinout.

Sioni kitu. Tangu alipoanza kuandika, yaani miaka mitatu, hakuna. Nafumba macho naona kope zangu. Zamani nilikuwa naamka na utamu kinywani kana kwamba kuna mtu ameniita kwa jina muda si mrefu. Sasa naamka na baridi. Nasali kwa sababu ni saa ya sala. Watu wanakuja dirishani: "Mama Heilwig, Bwana amesema nini juu ya mwanangu?" Nawaambia, "Bwana anakusikia, binti." Sisemi uongo. Lakini sisemi yote, na kila wakiondoka wamefarijika nahisi kama nimewauzia nguo ya jana.

Labda nilimsema mno. Labda amechoka nami. Alisema ameshachoka, si ndiyo?

Nimepumua kidogo kwa kukuandikia. Ichome barua hii.

Mdogo wako,
Heilwig


Wellebeke, wiki ya pili ya Kwaresima, 1282

Kwa Mama Odila, mke wa Lambrecht, Mechelen

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Padri Reinout wa Wellebeke. Hatujaonana, lakini dada yako hukutaja mara nyingi, na mara nyingi kwa kicheko.

Nakuandikia kwa haraka. Baridi ya mwezi uliopita ilikuwa kali mno, barafu ikashika kingo za mapipa, na wakanyaga sufu wakakataa kuingia. Walikuwa wamenisikia nikisoma maono ya Heilwig. Mzee wao, Arnout, akawaambia mabwana wa nguo, "Bwana wetu yumo humo pipani nasi. Mkitaka tuingie kwenye barafu, mtoeni yeye kwanza." Mabwana wakapeleka malalamiko kwa Baba Askofu.

Sasa amekuja mchunguzi, Mwalimu Everaert, msomi asiye na hasira, jambo linalonitisha zaidi. Atamhoji dada yako Jumamosi kabla ya Matawi. Kitabu anacho tayari mfukoni, na ndipo ninaposhangaa. Niliandika nakala tatu tu. Moja ninayo. Moja iko kwa Arnout. Ya tatu alikutumia wewe. Je, iliibwa kwako? Mkague mtumishi wako.

Nakusihi uje. Shahidi wa damu ana uzito. Useme tu kwamba tangu utoto wake hakuwa mwongo wala mwenye kichaa. Yeye mwenyewe hakuniagiza niandike. Anasema kwaresima ya watu wa mjini ina shughuli nyingi. Lakini kila gari likipita barabarani anauliza Katline nani amekuja.

Padri Reinout


Wellebeke, Jumatano ya Pasaka, 1282

Odila,

Hukuja. Na sasa najua kwa nini.

Barua hii inatoka chini ya vitunguu, kikapuni mwa Katline, na ni ya mwisho ya namna hii. Nitakusimulia, kwa sababu nataka ujue kila neno.

Waliweka kiti cha Mwalimu Everaert nje ya dirisha langu, na watu wote wa mji wamesimama nyuma yake. Aliuliza kwa upole kabisa.

"Je, Bwana wetu Yesu Kristo ni mkanyaga sufu?"

"Ni seremala, Baba. Ila hapa Wellebeke kazi ya mbao ni kidogo."

Watu wakacheka. Hata yeye nilimsikia akipumua kwa pua. Nikajisikia jasiri, Odila. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Akauliza, "Mara ya mwisho kuona ilikuwa lini?"

"Nikusaidie," akasema. "Ni miaka mitatu. Unafumba macho unaona kope zako. Unaamka na baridi. Na watu hawa wanaokuja kwako, unawauzia nguo ya jana. Si ndivyo?"

Kope. Baridi. Nguo ya jana. Maneno yangu, kwa mpangilio wangu. Nilishika ukuta. Kwa kitambo sikufikiri juu ya Mungu wala kitabu, nilifikiri juu yako, ulikaa mezani na kalamu ukaniuliza "unaona nini siku hizi?"

Halafu akasema, "Basi chagua. Ama ulichoona kilikuwa homa tu, ama kilitoka kwa Mungu naye amekuacha kwa sababu ya kiburi chako. Niandike lipi?"

Nikamwambia, "Andika kwamba ameondoka. Lakini Baba, andika pia kwamba hawezi kuondoka mtu ambaye hakuwahi kuja."

Aliandika. Ni mtu wa haki kwa namna yake.

Hukumu ni hii. Vitabu vimechomwa mbele ya mlango wa kanisa siku ya Matawi, baada ya Misa, watu wakiwa bado wameshika matawi. Padri Reinout amepelekwa kwenye monasteri ya milimani, mbali. Hakuruhusiwa kuniaga, akakohoa mara mbili alipopita dirishani. Mimi nitabaki humu, lakini nisiseme wala kuandika habari za maono kwa mtu yeyote hadi kufa. Ndugu naruhusiwa kuwaandikia habari za nyumbani tu, na padri mpya asome kwanza.

Hayo nayabeba. Lisilobebeka ni hili. Mzee Arnout alikuja Jumatatu. Akasema, "Miaka mitatu ulikuwa unatudanganya?" Nikasema, "Sikukudanganya, mzee wangu." Akasema, "Hukusema kitu pia." Akaondoka, na hajarudi, na wenzake wanapita upande wa pili wa barabara. Wameingia mapipani. Barafu imeyeyuka sasa, lakini wao waliingia kabla haijayeyuka.

Umesema mimi ni marehemu. Basi usimwandikie marehemu. Nimejaribu kukuombea, nikifika kwenye jina lako ulimi unakauka. Sijui nitamwambia nini Mungu kuhusu hilo, kama bado ananisikiliza.

Heilwig


Mechelen, sikukuu ya Yohane Mbatizaji, 1282

Mdogo wangu,

Umenikataza kukuandikia, nakuandikia. Najua padri mpya atasoma hii. Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Endelea kusoma, ni aibu yangu mimi, si yake yeye.

Ni mimi. Nilikipeleka kitabu kwa padri wangu wa maungamo, nikamwambia kifungiwe kabatini mahali fulani, kimyakimya, na asijue mtu. Nilidhani makabati ya kanisa ni kama makabati yangu. Nilimpa na barua yako, ili waone kwamba mambo hayo yamekwisha, kwamba huna hatari kwa yeyote. Naapa hiyo ndiyo sababu.

Hapana. Ngoja. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba niliposoma kwamba huoni kitu tena, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa tuko sawa.

Padri Reinout aliponiandikia nije, nilitoa viatu vya safari nikavipaka mafuta. Nikavirudisha. Nilifanya hivyo siku nne mfululizo.

Sasa nikupe habari za nyumbani, ambazo zinaruhusiwa. Uchumba wa Beatrijs ulitangazwa Jumapili baada ya Kupaa Bwana, kwa Heer Wouter, watu thelathini mezani. Bi Machtelt akiwa amevaa rangi ya zambarau akainua kikombe akasema, "Na tumshukuru Baba Askofu, wamekichoma kile kitabu cha mkojo! Maskini Gosewijn, wamemchoma miguu!" Wakacheka. Na mimi nikacheka, Heilwig. Nilikisikia kicheko changu chenyewe, kilikuwa kizuri, cha mwanamke wa mjini. Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha.

Nikasema, "Gosewijn ni baba yangu. Alikanyaga sufu miaka thelathini na mbili. Alikuwa akirudi nyumbani anatuosha sisi kwanza, ndipo anajiosha yeye. Na mwanamke yule ni mdogo wangu, na mimi ndiye niliyekipeleka kitabu chake kuchomwa."

Mtu mmoja alikuwa anatafuna, akaacha.

Uchumba umevunjika. Siku ya tatu walirudisha zawadi zetu kwa mkono wa mpishi. Beatrijs alilia, halafu akanyamaza wiki nzima, halafu akaniambia, "Mama, ungeweza kungoja wiki sita, nikaolewa kwanza." Ana haki, na wewe una haki, na haki zenu haziwezi kukaa meza moja, na mimi ndiye niliyeziweka hapo.

Usiku ule wa karamu, kufika nyumbani, Lambrecht akakaa, akanyoosha goti lake, akasema, "Nilijua tangu mwaka wa kwanza." Nikamwuliza nani alimwambia. Akasema, "Wewe. Ukilala miguu yako inakanyaga." Miaka kumi na tisa, Heilwig! Miaka yote hiyo namficha mtu ninayempiga mateke.

Sikuombi unisamehe. Naja tu. Nimepaka viatu mafuta, na safari hii viko mlangoni.

Odila


Wellebeke, sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli, 1282

Dada Odila,

Milele amina. Nimesikia umefika salama na kwamba goti la Lambrecht limeshangilia kurudi kwako kwa kuvimba. Padri mpya, Padri Hendrik, amekaa hapa upande wa kanisani akingoja nimalize ili asome. Ni kijana, ana mafua, ananionea huruma. Basi nitakupa habari za nyumbani tu.

Beatrijs uliyemwacha huku hajambo. Anasema hatarudi Mechelen mpaka majirani wapate la kusema jingine. Nyonga ya Katline imekuwa mbaya, kwa hiyo msichana wako ndiye anayeniletea chakula na kuteka maji. Wiki ya kwanza aliungua vidole na kulalamika. Sasa anaungua vidole na kutukana, na Katline anasema hayo ni maendeleo. Bado ana hasira nawe kidogo. Usimharakishe.

Nimefikiri sana juu ya zile siku tatu ulizokaa nje ya dirisha langu. Nataka ujue ilivyokuwa upande wangu. Siku ya kwanza nilijua ni wewe kwa namna ulivyokohoa. Nilikaa nimeupa ukuta mgongo, nikasali kwa sauti ili usikie kwamba nasali na nisisikie kwamba unalia. Siku ya pili vilevile, ila nilichoka. Siku ya tatu ikaja mvua ile kubwa, Katline akakuambia, "Ingia ndani, mama, mtu wa mjini atayeyuka," nawe hukusogea. Nikasikia maji yanatiririka juu ya nguo yako.

Nikasema, "Utaloa."

Ukasema, "Nimeshaloa."

Nikafungua pazia. Miaka kumi na moja sijalifungua kwa mtu. Nilitegemea kumwona dada yangu, kumbe pale amesimama mama yetu, na nywele za mvi zimemganda usoni. Nikasema, "Umezeeka," nawe ukaniangalia ukasema, "Na wewe unafanana na jibini." Sijui kama watakatifu hucheka hivyo. Katline anasema tulisikika mpaka sokoni.

Lakini nisikufiche. Nilidhani nimekusamehe saa ile, na haikuwa hivyo. Nilikuwa nimefurahi tu kukuona. Ulipoondoka uchungu ukarudi mahali pake kama paka. Msamaha ulikuja baadaye, Jumanne moja, bila tangazo. Nilikuwa namenya tufaha, nikataja majina katika sala kama kawaida, Reinout, Arnout, Katline, Beatrijs, Odila, Lambrecht. Nilishafika kwa Lambrecht ndipo nikagundua nimekwisha kupita jina lako na ulimi haukukauka. Nikaacha kumenya. Halafu nikamaliza tufaha.

Mzee Arnout hajaja. Mkewe ametuma mbaazi. Sijui maana yake, lakini nimezila.

Habari nyingine ni hii. Alhamisi iliyopita, asubuhi baada ya Misa, nilikuwa nimekaa na bakuli la uji. Nje Beatrijs alikuwa anagombana na muuza samaki. Nilimsikia akisema, "Huyu samaki wako alikufa enzi za Nuhu!" na mwanamume akamjibu, "Basi ana baraka, binti, nunua." Jua lilikuwa limeingia kupitia dirisha la barabarani likafika kwenye magoti yangu, jambo linalotokea siku chache tu kwa mwaka. Sikuwa nasali. Nataka ulijue hilo, sikuwa nasali wala kungoja kitu. Nilikuwa nawaza kwamba uji umekosa chumvi. Nilikuwa na kijiko mkononi.

Kilichofuata si habari ya nyumbani. Padri Hendrik anakohoa, nami nimeahidi utii, na nitautunza hadi kufa.

Basi nikuambie la nyumbani. Uji ulipoa mpaka ukaganda. Samaki alishanunuliwa, akakaangwa, akaliwa. Katline alikuja akichechemea kuchukua bakuli, akanikuta nimekaa vilevile, kijiko bado hewani, uso wote umelowa hadi shingoni. Akashtuka akaangusha fimbo.

"Yesu wangu! Nani kafa?"

Nikamwambia, "Hakuna aliyekufa, Katline. Hakuna."

Mdogo wako,
Heilwig